Taa za fogi kwenye Noah yangu: nimefunga mara mbili, uzoefu wangu

Habari wadau. Nimezitumia hizi taa msimu mzima wa baridi kwaiyo naona sasa nina haki ya kuongea. Mi niko Moshi, nauza mitumba, mzigo nafungulia soko la Memorial alafu napandisha nao njia ya Rombo kwenye masoko, Mwika, Mkuu, na biashara ikiwa nzuri nafika mpaka Tarakea. Gari ni Noah ile ya zamani, AZR60, ilikuja toka Japani bila fogi, zile taa za ukungu za chini, yale mashimo mawili kwenye bampa yamezibwa na plastiki nyeusi tu, na kwa miaka mitatu sikuwahi kujiuliza yale mashimo ni ya nini.

Anayeijua barabara ya Rombo mwezi wa saba sina haja ya kumuelezea. Ukitoka mjini saa kumi na moja alfajiri mpaka Himo uko sawa, ukianza kupanda Marangu unaona kioo kinaanza kuloa, ukivuka Mwika sasa ndo unaingia kwenye chungu, ukungu umekaa juu ya lami, migomba iko hapo hapo pembeni lakini huioni, kona zinakuja zenyewe. Na watu wako barabarani muda huo, mama na mkungu wa ndizi kichwani, wanafunzi, bodaboda hana taa hata moja ila yuko katikati ya barabara kama ya baba yake. Ukiwasha fulu ndo unajimaliza, mbele panakuwa shuka jeupe. Ukirudisha dimu kuna nafuu kidogo ila pembeni huoni mtaro uko wapi. Mwaka jana nimeendesha hivo hivo dirisha wazi kichwa nje, nikasema mwaka huu hapana, natafuta taa.

Mwezi wa tano nikaenda duka moja la spea, silitaji. Kijana akanitolea boksi, fogi za LED za Mchina, taa na kioo chake vyote pamoja, zinakaa kwenye lile shimo la bampa bila kukata kitu. Boksi limeandikwa 36W kila taa, rangi 6000K yaani weupe wa kuelekea ubluu, na mwanga lumeni elfu ishirini. Akaziwasha pale pale kaunta kwa betri, jamani, niliona nyota. Nikasema hizi hizi. Elfu 65 nikatoa bila hata kubembeleza sana, na mimi ni mtu wa kubembeleza, waulize wanaoniuzia mabelo.

Fundi wa kwanza naye simtaji. Nilienda na mdogo wangu wa kiume, basi fundi muda wote anaongea na yeye, "bosi swichi tuweke wapi", "bosi hizi ni kali sana utafurahi", gari yangu, hela yangu, dogo mwenyewe hata leseni hana. Akatoa bampa, akapachika taa, alafu waya wa umeme akaenda kuchuna ule wa taa ndogo za paking pale nyuma ya taa kubwa, akazungushia waya wa fogi, tepu nyeusi, kwisha. Nikamuuliza rilei iko wapi, kile kiswichi cha umeme kinachobeba mzigo wa taa, maana nilishasikia hilo neno, akasema LED haili umeme mama, rilei ni za zamani. Elfu 20 yake akachukua. Lisaa limoja kazi imeisha, nikafurahi kwamba fundi mwepesi.

Usiku wa kwanza hapa mjini nilijiona niko na V8. Barabara nyeupeee. Ila nikagundua kila gari inayokuja inanipiga fulu, nikadhani wana wivu, kumbe nawaumiza. Kuna trafiki alinisimamisha kabla ya Himo akaniambia mama zima hizo taa zako, mi mwenyewe nimesimama hapa sioni namba yako. Sikubishana, aliongea kwa adabu na alikuwa na haki.

Sasa kwenye ukungu. Nilisubiri mpaka wiki ya pili ya mwezi wa sita ndo ukaja ukungu wa maana, nimevuka Mwika nikawasha kwa mbwembwe, na mbele pakawa peupe zaidi ya mwanzo. Sitanii. Ule weupe wa LED unapiga ukungu unarudi machoni, nikawa naona ukungu vizuri sana kuliko nilivyowahi kuuona maishani, barabara ndo siioni. Nikazima, nikawasha tena, nikazima. Bora dimu yangu ya zamani. Afu kitu kingine cha ajabu, nikiwasha tu fogi redio inaanza krrrrr, mi asubuhi nasikiliza Sauti ya Injili, nyimbo zinapotelea kwenye mkwaruzo, nikizima fogi redio inarudi. Nikajua hapa nimeuziwa kitu.

Bado sijamaliza. Alfajiri moja naenda Mkuu, mabelo matatu nyuma, ukungu umeshika, nimewasha fogi kwa ajili tu ya kuona pembeni kidogo, mara puu zikazima. Na dashibodi nayo giza. Taa kubwa zinawaka, injini iko sawa, nikasema betri. Nikasogea pembeni nikashuka, kuangalia nyuma, taa nyekundu hakuna hata moja. Hapo niko baada ya kona, gari jeupe, ndani ya ukungu mweupe, nyuma hakuna taa, na nasikia kabisa fuso chini huko inavuta gia inapanda. Nilikimbilia hazadi. Ashukuriwe Mungu hazadi zina fyuzi yao nyingine zikakubali. Fuso ikanipita karibu mpaka upepo wake ukanivuta kanga. Nilikaa pale mpaka kukapambazuka, sikuwa na fyuzi ya akiba, sikuwa na hamu hata ya kuendelea na safari.

Baadaye ndo nikaeleweshwa. Yule fundi alivyochuna waya wa paking maana yake fogi zikawa zinakula kwenye fyuzi moja na taa za nyuma na za dashibodi, fyuzi ya ampea 10. Piga hesabu, 36 mara mbili ni wati 72, gawa kwa volti 12 unapata ampea 6. Taa za paking na za nyuma na namba na dashibodi nazo zinakula kama 4. Fyuzi iko pembeni ya shimo kila siku, siku gari imetikisika na waya ule wa tepu umelegea, kwisha habari. Kwaiyo yule aliyesema LED haili umeme alikuwa ameniwekea taa za mbele ambazo zikifa zinakufa na za nyuma.

Aliyenielewesha ni mdogo wangu mwingine, huyu anafundisha fizikia sekondari. Tulikuwa kwa mama Mwika, jikoni, jiko la kuni, moshi umejaa kama kawaida. Nikamlalamikia taa. Akachukua tochi ya simu akaniambia dada shika hii weka hapa kwenye paji la uso angalia ukutani. Naangalia, naona moshi tu, mweupe. Akaniambia sasa ishushe mpaka magotini, imulike sakafu. Nikainama nayo, na sakafu ikaonekana, vyungu, miguu ya mama, paka, moshi bado upo juu lakini hauniwakii. Akasema hiyo ndo fogi laiti, habari imeisha. Mama akauliza mnatafuta nini sakafuni, tukacheka.

Yaani matone ya ukungu yanarudisha mwanga, na mwanga ukitoka karibu na usawa wa macho au ukienda juu ndo unaokurudia usoni. Fogi ya kweli inakaa chini kwenye bampa, inatoa mwanga mpana wa bapa, kwa juu umekatwa kama kwa rula, hauruhusiwi kupanda. Zile zangu tulizimulika ukutani kwa jirani usiku, mwanga umemwagika kila mahali mpaka kwenye mabati ya juu, hamna mstari hamna nini. Ukali ulikuwepo, umbo ndo halikuwepo.

Nikamuuliza na rangi je, maana wote wanasema njano inakata ukungu. Akasema hapo watu wanaongeza chumvi, tone la ukungu ni kubwa sana kulinganisha na wimbi la mwanga kwaiyo linarudisha rangi zote karibu sawa, njano haipenyi chochote cha ziada. Ila jicho linaumizwa zaidi na ule weupe wenye ubluu, ukiutoa jicho linatulia. Akaniambia Ufaransa magari yao yalikuwa na taa za njano kwa sheria mpaka mwaka 1993. Mi kwa upande wangu naona njano ni nzuri, sema sababu ni macho yangu. Na kuna kitu nimekiona mwenyewe, mwenzio anayekuja akiona njano chini anajua kuna gari kwenye ukungu, nyeupe anadhani ni bodaboda mbili.

Haya, raundi ya pili. Safari hii nilimtafuta mzee mmoja fundi umeme, wa zamani, wateja wake wengi ni wa fuso na daladala. Kwanza aliongea na mimi. Akasema binti yangu usinunue kipya, tafuta fogi yuzdi ya Japani ya Noah hiyo hiyo, kioo kiwe kioo, nyuma ina mpira wake. Tukazipata, zilitoka Dar kwa basi, jozi elfu 70, moja ina mkwaruzo kidogo wa mawe lakini ndani kung'aa kama mpya. Zinatumia balbu ya HB4, imeandikwa pale kwenye kitako, volti 12 wati 51. Balbu nilinunua za kawaida za kioo cha njano, jozi elfu 18. Muuzaji akanipa za wati 100 kwanza, anasema ndo kali, bei ile ile. Mzee akamrudishia. Wati 100 ndani ya nyumba ya wati 51 plastiki inalegea, soketi inaungua, na ni kwa faida ya nani. Na mwingine tena alitaka kutupa HB3, inafanana kabisa ukiitazama haraka, ila vile vimeno vya kitako haviko sawa na yenyewe ni wati 60. Kuna mafundi wanavichonga kwa kisu vinaingia. Kagueni maandishi kabla hamjatoa hela.

Alivyofunga nilikaa naye, nikaleta kigoda. Waya mnene toka betri, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri siyo mbali huko, unaingia rilei namba 30, unatoka 87 unaenda kwenye taa mbili. Namba 86 inapata umeme kidogo toka kwenye swichi, na swichi inachukua paking ili fogi zisiwake kama paking imezimwa, 85 inaenda bodi ya gari. Yaani sasa paking inaiamsha rilei tu, mzigo wenyewe unabebwa na betri. Taa zote mbili zinakula ampea 8 na nusu hivi na zina njia yao. Fyuzi yake ikikatika taa za nyuma hazina habari. Niliichora kwenye daftari la madeni na bado ninayo.

Balbu alizishika kwa kitambaa. Nikamuuliza kwanini kama anabeba mtoto wa mtu, akasema kile kioo kinapata moto sana, ukiacha mafuta ya kidole pale pale panachemka kupita pengine, balbu inakufa mapema. Fundi wangu wa kwanza alikuwa anafanya kazi na mikono ya grisi mpaka kwenye kiwiko.

Sasa sehemu ambayo sikuwahi kusikia mtu anaitaja, na kwangu ndo imebeba kila kitu. Mzee alisema kulenga taa ni kesho jioni, uje na mzigo. Nikasema mzigo gani. Akasema huo huo unaobebaga. Nikaja na mabelo matatu, kila moja kilo 45, nyuma. Akachukua futi akapima toka chini mpaka katikati ya fogi, ikasoma sentimita 40 hivi. Bila mzigo ilikuwa karibu hiyo hiyo, lakini akanionyesha gari ilivyokaa, matako yamezama pua imeinuka, fogi inaangalia mbinguni kidogo. Akasimamisha gari sehemu ya tambarare mita saba na nusu toka ukutani, akachora mstari wa chaki ukutani usawa wa taa, alafu mwingine chini yake sentimita 10, akaingia chini ya bampa na bisibisi ya nyota, kuna skrubu moja tu kila upande, anazungusha mimi namwambia shusha, shusha, bado, hapo. Ule ukingo wa juu wa mwanga ukalala kwenye chaki ya chini kama umepigwa rula. Ule ukingo ndo ulikosekana kwenye LED yangu.

Kama unabebaga mzigo na umelenga gari tupu, umelenga bure. Ukishusha mzigo pua inalala, mwanga unasogea karibu zaidi, hiyo haimuumizi mtu.

Hesabu ya mdogo wangu tena, samahani kwa mahesabu. Mwanga unashuka sentimita 10 kila mita 7 na nusu, taa iko juu sentimita 40, kwaiyo kwenye mita 30 umegusa lami umeisha. Mita 30 ndo umepewa. Ukikimbia 60 kwenye lami ya maji utaona kitu na utakigonga huku umekanyaga breki. Mi natembea 30, mabasi yananipigia honi, wapige.

Mtihani ulikuwa mwezi wa saba katikati, kati ya Mwika na Mkuu, ukungu ule wenyewe mpaka waipa inafanya kazi bila mvua. Nikaweka dimu, nikawasha fogi. Sikushtuka kama siku ya LED, kwa kweli mwanzoni nilidhani hazijawaka, nikaangalia swichi. Afu nikaona mstari mweupe wa pembeni ya barabara. Mwanzoni wa upande wangu, alafu na mtaro, alafu majani ya kando yake yenye umande, njano njano. Mbele ukungu upo pale pale, haujaenda popote, ila chini yake kuna barabara. Mbele kidogo nikaona soksi nyeupe. Soksi na viatu vinatembea, hamna mtu. Nikapunguza, nikasogea, ndo sketi ikatokea, alafu begi, wanafunzi watatu wameshikana mikono. Miguu ndo inaanza, maana mwanga uko chini huko. Kwa dimu peke yake ningeona begi wakati niko naye ubavuni.

Redio haikukwaruza. Nyimbo mpaka Mkuu.

Mabaya yake nayo niseme. Usiku wa kawaida bila ukungu hazina kazi kubwa, zinaongeza upana wa karibu tu, anayetaka kuona mbali hizi siyo, atengeneze taa zake kubwa kwanza. Balbu ya njano ina giza kidogo kuliko nyeupe ya aina ile ile maana ile rangi inakula mwanga, ukiziweka kaunta kwa betri kama kijana wa duka alivyofanya hutazinunua. Taa ya kulia inapata mvuke ndani nikiosha gari, nadhani ule mpira wa nyuma umechoka kwa sababu ni yuzdi, ila nikiwasha dakika kumi joto la balbu linaukausha. Zile LED ilikuwa tofauti, feni yake ilikuwa inachungulia nje nyuma, mpira haukufunga, maji yakaingia na hayakutoka, wiki ya tatu zilikuwa na dimbwi.

Gharama kama mtu anataka kujua: taa 70, balbu 18, rilei na soketi 10, swichi 5, waya na fyuzi 6, ufundi 25, jumla elfu 134. Ongeza ile 85 niliyochoma mwanzo. Kwa taa za pili natoa nyota nne na nusu, nusu nimekata sababu ya mvuke. Zile za kwanza nyota moja, kwa sababu boksi lake ni gumu nimewekea vifungo vya nguo.

Na wewe unayewasha hazadi huku unatembea kwenye ukungu, nakuomba, sijui unakata kona au umesimama, sioni indiketa yako, weka dimu punguza mwendo basi.

Zile LED sikuzitupa. Mama kaziomba, mdogo wangu kazifunga kwenye banda la vifaranga kwa betri ya gari iliyochoka, moja inatosha. Mama anasema akisimama mlango wa jikoni anahesabu vifaranga wote na kicheche akija atamuona toka kwa jirani. Ya pili iko juu ya kabati, feni yake imeshakufa.